Kibwebwe cha Notting Hill

Mama mmoja mwenye buibui, mtunza wazee huko Hayes, huja Notting Hill, London, kila Agosti siku ya kanivali na husimama palepale, nyuma ya uzio wa chuma, mbele ya duka lililozibwa mbao. Hanunui chakula, hapigi picha. Mikono yake iliyokauka kwa sabuni ya kazini hushika chuma, na ngoma za mapipa za Watrinidad zinapopita, kidole kimoja hugonga mapigo bila kukosea. Mkobani hubeba kanga ambayo mimi, ninayesimama karibu naye kila mwaka, sikuwahi kumwona akiitoa, hadi mwaka 2001, shemegi yake Hamad alipomfuata pale uzioni.

"Shemegi, umeshatazama, basi. Watu wa msikitini watatuona."

"Na wao wamefuata nini huku?" alijibu bila kugeuka.

Hamad akashusha sauti. "Ukiingia humo, harusini kwa Mwatima usije." Mwatima ni binti wa Hamad, na mama huyu ndiye aliyemlea. Kidole kikaacha kugonga. Akatoa kanga, akajifunga kibwebwe juu ya buibui na kukaza fundo mara mbili, kama wanawake wa Unguja wanapocheza peke yao, mbali na macho ya wanaume.

"Mwambie Mwatima nakuja, na nitacheza hivihivi. Haya, nishikie mkoba."

Akapenya kwenye mwanya wa uzio, akaingia ngomani. Hamad alibaki kaukumbatia mkoba mwekundu wa kike, na kila aliyepita alimtazama.