Miezi Miwili ya Kumnenepesha Ndugu Yangu

Kwetu, mtu akirudi kutoka Saudia amekonda, majirani humkagua kabla ya kumsalimu. Kwa hiyo sisi madereva wa Riyadh tulikuwa na desturi: likizo ikikaribia, unakula. Mimi nilifanya hivyo mara nne, na sikuona ubaya wake.

Mdogo wangu nilimleta mimi. Nilimtafutia kafili, yaani mwajiri wa kumdhamini, awe dereva kama mimi, tukakaa chumba kimoja mtaa wa Al-Murabba. Alikuwa mtu mzima, mwembamba tangu utotoni. Likizo yake ya kwanza ilipobakisha miezi miwili, nikaanza kumletea masinia ya kabsa yaliyobaki kwa madam wangu, wali unaong'aa na kondoo wa kunona.

"Kaka, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Mama atasema nilikuleta huku uchunge mbuzi. Kula!"

"Unanipeleka nyumbani au machinjioni?"

Tulicheka, akala. Mikono na miguu yake ilibaki vilevile. Kilichotokeza ni tumbo, gumu kama tikiti. Akaanza kunywa maji bila kukoma na kusimama kila kituo cha petroli akojoe. Nikamwambia ni joto. Sikuwa na sababu ya kusema hivyo, ila sikutaka aache kula.

Kisha familia ya bosi wake ikahamia Jeddah, naye akaenda nayo. Siku moja alinipigia simu: ameligongesha gari la bosi ukutani, haoni vizuri. Niliomba ruhusa, nikapanda basi hadi Jeddah, nikampeleka zahanati moja ya mtaa wa Al-Mahjar. Sukari yake ilikuwa juu sana.

Nilimuuliza daktari inawezekanaje, na mimi ndiye mnene. Akanipima na mimi. Sukari yangu ilikuwa sawa.

"Mafuta si mzigo uliolala," alisema. "Ni kiungo hai, yanapeleka habari hadi kwenye ini na ubongo. Wewe una nafasi ya kuyaweka chini ya ngozi, kwenye mapaja na makalio. Yeye nafasi hiyo ni ndogo. Seli zake zilijaa, zikatanuka mpaka zikakosa hewa, na mwili ukatuma askari wake kama penye kidonda. Kidonda hakipo, lakini askari hawaondoki. Uvimbe wanaouleta hauumi, ndiyo maana hakuusikia. Mafuta yaliyokosa mahali yakaingia kwenye ini na misuli. Sasa insulini inabisha hodi ili sukari iingie, na hakuna anayefungua."

"Na mimi je?"

"Wewe bado. Usijisifu."

Alimwandikia dawa, akamkataza kushika usukani mpaka macho yatulie. Nje nilimwambia ndugu yangu kwamba kosa ni langu.

"Mdomo ulikuwa wangu," akajibu.

Hakuwa akinifariji, alikuwa amechoka kunisikiliza. Alinijua: nikisema kitu mezani, hakuna wa kukataa.

Nilikwenda kwa bosi wake, nikamweleza yote, nikamwomba amngoje.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, baba. Mimi ndiye niliyemlisha."

"Nina watoto wa kupeleka shule. Halas, yamekwisha."

Macho ya ndugu yangu yalitulia baada ya majuma kadhaa ya dawa, chakula kidogo na kutembea, na tumbo likapungua. Lakini wakati huo alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani, si kwa likizo tena, na gari lile likiendeshwa na mwingine.