Mikono ya Shangazi Vibia

Shangazi Vibia aliishi na mumewe siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Numerius aliitwa vitani, na kilichorudi ni bizimu ya mkanda wake, imefungwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilipokuja kulelewa na shangazi, baba alipokufa na masomo yangu yakakatika baada ya majira mawili ya baridi, shangazi alikuwa amekaa ujane miaka kumi na tisa. Watu wa hapa kwetu, kwenye jiwe la maili ya nne la barabara itokayo mjini, walimwita Mke wa Mmoja.

Lilikuwa jina la heshima. Hekalu la Fortuna, mungu wa kike tunayemwita Bahati ya Wanawake, liko hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na sanamu yake haiguswi na kila mtu. Anayeiosha na kuivika taji ni mwanamke aliyeolewa mara moja tu. Msichana kama mimi hufagia. Aliyeolewa mara mbili husimama nyuma, karibu na kizingiti, akitazama.

Shangazi alikuwa fundi wa sufi. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imechubuka kwa maji ya kuoshea manyoya ya kondoo, na ilinuka kondoo hata siku za sikukuu. Lakini alipomwosha Bahati ungedhani anamwosha mtoto mwenye homa. Alianza na paji la uso, akashuka mashavuni, akamalizia nyuma ya masikio, mahali ambapo hakuna ambaye angeona vumbi. Huku akimsimulia habari za mtaa: nani kajifungua, kondoo wa nani kapotea. Mimi nilifagia polepole ili nisikie.

Rufria, jirani yetu muuza dengu, alikuwa na mume wa tatu na alimcheka shangazi sana. Alisema wale akina mama watatu wanaosokota maisha ya watu walimpa Vibia uzi mfupi wa mume, naye badala ya kuomba mwingine akaamua kuolewa na jiwe. Shangazi alimjibu kwamba angalau jiwe lake halikoromi. Wakacheka wote wawili. Lakini nilimwona shangazi, Rufria alipoondoka, akikaa na kijiti chake cha kusokotea mkononi bila kusokota.

Halafu akaja Hostius. Alikuwa mjane pia, alibeba vigae kwa nyumbu, mtu mrefu asiyejua aweke wapi macho yake. Miezi miwili alileta jibini ambayo hakuna aliyemwagiza. Mwezi wa Aprili alisimama mlangoni, akamtazama nyumbu wake muda wote, akamwambia shangazi kwamba amepewa kazi mji wa Kapua, ahamie huko kabisa. Kama Vibia atamkubali, haendi. Kama hamkubali, ataondoka katikati ya Juni na hatamlaumu. Ni kama alikuwa anamposa nyumbu.

Mwezi wa Mei kwetu hakuna anayeoa, ni mwezi wa nuksi. Kwa hiyo shangazi alikuwa na Mei nzima ya kufikiri. Alikonda. Chakula alinisogezea mimi. Jioni moja nilimuuliza kama anampenda Hostius, akasema hilo si swali gumu. Gumu ni kwamba akiolewa tena hatamgusa tena Bahati, maisha yake yote.

"Bahati humpa mtu fungu lake," alisema. "Mimi langu lilikuwa siku kumi na moja. Nikaja nikamwambia, sawa mama, basi niache nikuoshe. Akaniacha. Sasa nimgeuzie kisogo kwa ajili ya mtu wa vigae?"

Hapa kila mtu anajua kwamba zamani, siku sanamu iliposimamishwa, ilizungumza, na wanawake wakasikia. Shangazi aliamua kuiuliza. Ataiuliza asubuhi tatu, siku tatu za mwisho za Mei. Ikisema neno, atalifuata. Isiposema, atabaki alivyo.

Asubuhi ya kwanza haikusema. Ya pili haikusema. Nilimwona Hostius barabarani akikaza kamba za mzigo wa nyumbu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Asubuhi ya tatu niliamka mapema nikatangulia. Nilijificha nyuma ya sanamu, nikajibana ukutani nisiiguse. Nilikuwa na neno moja tu la kumpeleka kwa Hostius: Nenda. Nililifanyia mazoezi njia nzima kwa sauti nzito. Mimi si mtu wa kusema sana, nilidhani hakuna atakayenishuku.

Shangazi aliingia na ndoo yake. Aliosha kama kawaida, paji, mashavu, masikio. Alipomaliza hakuuliza kitu, akakaa chini.

"Sura yake siikumbuki tena," alisema. "Numerius. Nakumbuka bizimu. Nadhani nimekuja kwako miaka yote hii ili watu wasisahau kwamba nilikuwa na mume, na mimi mwenyewe nimemsahau."

Neno langu nililiacha. Haikuwa sauti ya mtu wa kudanganywa. Nilikaa kimya, na sanamu ikakaa kimya, na shangazi akakaa kimya pamoja nasi muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake kwenye mguu wa Bahati, akakiacha hapo, akakiondoa. Akachukua ndoo, akatoka.

Nilimkuta nyumbani anakata mkate. Alinipa kipande kikubwa.

"Vidole vyako vya mguu vilikuwa vinaonekana," alisema.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Nilikuwa nangoja nisikie utasema nini, Tertula."

"Sikusema kitu, shangazi."

"Hukusema. Naye hakusema. Nikaona basi, nimeachiwa mwenyewe." Akapangusa makombo. "Nenda kamwambie yule mwenye nyumbu aache kukaza zile kamba, zitakatika."

Walioana mwishoni mwa Juni. Rufria alilia kuliko wote, akasema ni kitunguu.

Sikukuu ya Bahati ya Wanawake ni siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai. Shangazi alisuka taji usiku wa kuamkia, kama miaka yote, akalipeleka hadi kizingitini, akampa Lolia, bibi harusi wa mwaka huo, binti wa miaka kumi na sita aliyelipokea kwa ncha za vidole. Kisha akarudi nyuma akasimama na Rufria. Hostius alikuwa nje barabarani, kichwa wazi, amemfunga nyumbu wake maua shingoni, na nyumbu alikuwa anayala.

Lolia alipanda kijukwaa akaliweka taji. Likakaa upande.

Nilikuwa na ufagio wangu pembeni, nikamtazama shangazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda wenyewe hewani, vidole vimekunjika kama vimeshika kitu. Sidhani alijua.

"Kulia kidogo, mwanangu," alimwambia Lolia, kwa sauti ndogo. "Lishushe nyuma ya sikio. Hapo. Usimwogope, anapenda kushikwa."

Lolia akalishusha. Likakaa sawa. Mkono wa shangazi ulikuwa bado juu.

Rufria aliushika, akauteremsha taratibu, hakuuachia.

"Huku nyuma kuna upepo, shoga," alisema. "Na tukichoka tunakaa."