Sahani Yangu na Neno la Mkate

Nakumbuka siku moja pale kijijini kwetu Mboko, mwanangu, siku ambayo nikiiwaza hadi leo najikasirikia mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma na Kiingereza changu, nikapewa darasa nifundishe. Kichwa kikavimba! Nilikuwa na kamusi nene inayoeleza kila neno lilikotoka, nikawaringishia wanafunzi. Niliwaambia kwamba "window" kwa watu wa kale lilikuwa jicho la upepo. "Lady", hilo wanaloitwa mabibi wa heshima, alikuwa mwanamke anayekanda unga wa mkate. Na "companion", yaani mwenzako, ni yule mnayekula naye mkate mmoja. Watoto walifurahi, wakaenda kusimulia majumbani.

Sasa sikiliza upuuzi wangu. Kwetu Wabembe kuna lubunga, kibanda cha wanaume. Jioni kila nyumba hupeleka bugali wake huko, wanaume wakala pamoja. Mimi nikamwambia mke wangu sahani yangu ibaki nyumbani, eti mwalimu hawezi kuchovya mkono pamoja na watu waliotoka kuvua. Vijana wenzangu wakadhani hayo ndiyo maendeleo, nao wakafunga milango yao. Waliobaki walipoona hivyo, wakaacha pia. Hakuna aliyemfikiria Mzee Asukulu, aliyefiwa na mkewe na hakuwa na mtoto. Yeye chakula chake chote kilikuwa kile cha lubunga.

Jioni moja ninakula, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, ameegemea ukuta. Hakuomba kitu. Alisema watoto wa jirani wamemwambia neno langu la mkate, naye amekuja kuhakikisha.

"Mwalimu, ni kweli bazungu banaita mwenzako mutu mwenye munakula naye?"

Nikajibu ndiyo, tena kwa majivuno.

"Siku mbili sasa mi nakaa kule lubunga peke yangu. Hakuna sahani hata moja. Basi niambie, kwa Kiingereza yako, mi niko nani?"

Sauti yake ilikuwa ya hasira, na haki ilikuwa yake. Nilibeba sahani, mke wangu akaongeza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tukaenda naye lubunga nikala pale pale, mkono wangu kando ya wake. Kesho yake nilipita mlango kwa mlango kuwaomba vijana warudi. Walirudi, lakini mzee hakunisemesha wiki nzima, na sikumlaumu.

Ndiyo maana nimekasirika leo. Umefika jana kutoka mjini Uvira na Kiingereza chako, umekicheka Kibembe cha bibi yako kwamba ni lugha ya kijijini, kisha ukachukua sahani ukajifungia na simu yako. Nani amekudanganya? Kiingereza nacho kilizaliwa kijijini, kwa watu wenye unga mikononi.

Jifunze, mwanangu, jifunze mpaka Waingereza wenyewe wakushangae. Lakini neno ukilijua, litende kwanza kwa watu wa nyumbani kwako, kabla hujamringishia mtu. Na usimcheke aliyekulisha. Mungu akujalie sahani yako isikose mkono wa mwingine siku zote za maisha yako.

Sasa toka humo chumbani. Bibi yako hajaanza kula, anakungoja wewe.