Mume Wangu Ndiye Aliyemwacha Baba wa Mwanangu Barabarani

Assalaam alaikum wanangu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na ushee, naishi Ipuli, Tabora. Naandika mwenyewe, herufi mojamoja, maana haya siwezi kumtuma mjukuu aniandikie. Admin nifiche, na majina niliyoweka si yao.

Niliolewa bado binti na Juma, kijana aliyefanya kazi stesheni. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, watu wanahamishiwa vijiji vipya. Juma alikuwa na ugonjwa mmoja tu, baiskeli. Yeye na wenzake walikuwa na klabu yao. Walifungua madigadi na keria ili baiskeli ziwe nyepesi, kisha kila Jumapili wanaifuata ile njia ya zamani ya misafara mpaka wanarudi wekundu kwa vumbi. Kapteni wao alikuwa Athumani, rafiki wa Juma wa kufa na kuzikana.

Mara Mhindi mmoja mwenye duka la baiskeli akatoa zawadi ya matairi, na wakati huo matairi yalikuwa adimu kweli. Timu ziliachiwa mojamoja, watu wanne wanne, kwenda na kurudi, wakishindana na saa. Muda ulihesabiwa mtu wa tatu akifika. Yaani wa nne hata asipoonekana, timu haipotezi kitu.

Mimi nilikuwa na mimba, nimesimama mstarini na chupa ya chai. Wakafika watatu wa timu ya Juma, wameshinda. Nikauliza, "Shemeji, Juma yuko wapi?"

Athumani akajibu huku anahema, "Kapata pancha, shemeji. Ameenda kulala kwa mjomba wake, kesho atakuja na lori."

Nikaamini. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala usingizi mzuri. Usingizi ule unaniuma mpaka leo.

Kesho yake Juma alikutwa na watu waliorudi kwenye mahame yao kung'oa miti ya kujengea. Alikuwa amejiburuta kutoka barabarani hadi mlango wa nyumba moja ya pale, hajui kwamba wenyewe walishahamishwa. Alifia kizingitini. Tukasema labda alianguka wakati anakwenda kwa mjomba. Kazi ya Mungu.

Athumani aliingia kaburini kumpokea. Nilipojifungua mtoto wa kiume, yeye ndiye aliyeleta kuni, unga na nguo za mtoto. Baadaye akaniposa. Wazee wakaona heri, mtoto alelewe na mtu aliyempenda baba yake. Na sitamsingizia, amekuwa mume mwema. Alimlea mwanangu, akamsomesha, na mwanangu naye mtoto wake wa kwanza kamwita Athumani.

Mwezi uliopita alikuja Hamisi, mmoja wa wale watatu. Amekonda, anaumwa. Athumani alikuwa chumbani, kapooza upande mmoja, hatoki kitandani. Hamisi akaniambia kwa sauti ya chini:

"Shemeji, sitaki kufa na hili. Juma hakupata pancha. Gurudumu lake liligusa la Athumani, akarushwa, akapiga kifua kwenye jiwe. Tulimsikia anatuita. Nikataka kusimama, Athumani akapiga kelele, 'Kanyageni! Tuko watatu, tunatosha!'"

Niliingia chumbani nikamuuliza mume wangu. Hakukana.

"Nilidhani atainuka," akasema.

"Na nilipokuuliza pale mstarini?"

"Watu walikuwa wameshanibeba juu, wananishangilia. Nikashindwa kusema." Kisha akalia. "Nilikuoa iwe toba yangu."

Wanangu, lile neno limenimaliza. Miaka yote nikijiona mke, kumbe nilikuwa toba ya mtu. Na Juma wangu alikuwa hai wakati mimi nakula.

Tangu siku hiyo namgeuza, namwogesha, nambadilisha shuka, lakini sisemi naye. Yeye ananisihi neno moja tu: "Mtoto asijue mpaka nife." Mwanangu anakuja Idi. Juzi kanipigia simu, "Mama, nitunzie baba, sina mwingine." Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Nikimwambia, anampoteza baba wa pili, na mgonjwa atabaki hana mtu. Nikinyamaza, Juma anabaki ameachwa, na safari hii na mimi nimo. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nisemeni mkipenda, lakini nipeni shauri. Jua limeshapanda, mgonjwa ananiita kutoka ndani, na uji wake wa asubuhi bado sijaukoroga.