Risasi Zilizokwenda Kulia

Katika miaka ya hamsini, nikiwa bibi harusi wa mwaka wa pili, tulikaa Mwabungo watu watatu: mimi, mume wangu, na mavyaa wangu, mamake. Mume wangu alikuwa askari wa wanyama. Serikali ilimpa bunduki ya kuulia nguruwe mwitu, maana walikuwa wakifukua mihogo ya watu kutoka kwetu hadi Msambweni. Alikuwa na shabaha, na wakulima walimpenda kwa hilo.

Ijumaa moja, yeye akiwa msikitini, nilikuwa nikiondoa utando wa buibui ukutani. Mpini wa ufagio ukaigonga bunduki, ikaangukia mdomo juu ya jiwe la kizingiti. Niliigeuza huku na huku, sikuona ufa. Nikaipangusa, nikaitundika. Sikumwambia mtu.

Kesho yake alimkosa nguruwe hatua thelathini, kweupe. Siku iliyofuata akakosa tena. Alirudi akaketi barazani, chai ikapoa mbele yake.

"Labda risasi zimeingia unyevu," akasema.

Akaenda kuomba nyingine ofisini Kwale. Akakosa. Akakaza skrubu za kitako cha bunduki. Akakosa. Nikamwona akifumba jicho moja na kuhesabu minazi ya jirani, kisha akifumba la pili.

"Mwanangu, hilo ni jicho la hasidi," mavyaa akasema.

Akaandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani, akalinywa siku saba. Mimi ndiye niliyekuwa nikitia maji ya kuoshea maandishi yale. Kila nikimpa sahani, macho yangu yalikuwa chini.

Siku ya nane aliniomba nimsindikize shambani. Aliweka nazi kavu mbele ya kichuguu, akalala kifudifudi, akaegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga. Akapiga mara tatu. Nazi haikutikisika. Tulipokaribia tuliona matundu matatu kwenye kichuguu, upande wa kulia wa nazi, yamekaribiana hata kiganja kingeyafunika.

"Mkono ukiwa mbaya, risasi hutawanyika," akasema taratibu. "Hizi zimekaa pamoja. Kosa ni la bunduki. Lakini limetoka wapi?"

"Niliiangusha," nikasema. "Ijumaa ile, nikifagia."

Alinigeukia.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanirudisha kwetu Waa."

"Nikurudishe kwa ajili ya chuma?"

Akaketi mchangani, akaigeuza bunduki. Kile kijichuma cha kulengea kilicho mdomoni kilikuwa kimepinda kushoto kidogo tu, unene wa ukucha. Aliniambia nikamate mtutu sawasawa, naye akakigonga kwa kipande cha mti mgumu, anagonga, anatazama, anagonga tena. Niliukamata kwa ncha za vidole, naye akasema nishike kama ninavyoshika nazi nikiikuna kwenye mbuzi. Hapo nikacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Risasi ya nne ikaipasua nazi.

Nyumbani mavyaa alitungoja mlangoni.

"Vipi?"

"Alhamdulillahi, mama. Kombe limefaa," mume wangu akasema.

Mavyaa akaenda kuchinja kuku. Mume wangu akapita kando yangu kuingia ndani, akaniachia bunduki mkononi, akasema niitundike mimi.