Nyumba Yenye Gari Jekundu

Nilikuwa barazani, kwenye cherehani yangu, napinda suruali ya mteja, na mteja mwenyewe amesimama pale pale anamwelekeza mwenzake njia kwa simu. "Pita kwa bomba ya maji," akasema, "utaona gari ya blanc, njo hapo kwa fundi."

Nikasimamisha gurudumu. "Gari gani nyeupe?"

Akanyoosha kidole mbele ya nyumba yangu. Nusura nimfukuze na suruali yake iliyopindwa mguu mmoja. Gari langu ni jekundu, nikamwambia, kambi nzima ya wakimbizi hapa Dzaleka inajua ni jekundu. Hakubishana. Alisubiri nimalize kushona, akalipa, akaenda zake akitabasamu peke yake.

Alipoondoka nikainuka, nikaenda kuliangalia. Nilipita karibu nalo kila siku, kuku wangu walitaga kwenye kiti chake cha nyuma, jioni nilikaa ndani yake nikisikiliza redio. Lakini kuliangalia, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Paa lilikuwa na rangi ya majivu. Boneti ilikuwa imepauka, na ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Nikafungua mlango wa dereva. Ukingoni, mahali jua lisipofika, palikuwa pekundu vilevile. Nikakaa kwenye kiti.

Nieleze kwa nini, maana mtu mwingine angesema rangi ni rangi tu. Nina mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Tuliikimbia Bukavu, Kongo, pamoja, na tulipokuwa njiani akasema anarudi kumchukua mama aliyekuwa amekataa kutoka. Nilimwambia nitamsubiri Uvira. Nilimsubiri siku tatu. Siku ya nne watu niliosafiri nao waliondoka, nikaogopa kubaki peke yangu, nikaondoka nao. Sina maneno mazuri ya kuliweka hilo. Niliogopa.

Gari nililipata mwaka wangu wa pili Malawi, kwa mfanyabiashara wa Lumbadzi aliyelichoka, nami nikamlipa kwa kushonea sare watoto wa ukoo wake wote. Lilinibeba mimi na vitambaa vyangu hadi Lilongwe kwa mwaka mmoja na kitu, kisha likafia mbele ya nyumba yangu na halikuwaka tena. Nilikuwa naanza kufikiria kuliuza kama chuma, ndipo mchungaji mmoja aliyekuwa anarudi Uvira akaja kuniaga. Nikampa ujumbe kwa mdogo wangu, endapo angemkuta. "Mwambie akifika Dzaleka asiulize jina langu. Aulize nyumba yenye gari jekundu."

Kwetu kambini mgeni akiuliza mtu kwa jina, jibu ni moja: hatumjui. Hata kama mwenye jina amekaa pembeni yako anakula. Wengi walikimbia kwa sababu waliitwa kwa majina yao, na hakuna anayetaka kuwa yeye aliyeonyesha mlango. Mimi mwenyewe nimejibu hivyo mara nyingi, bila hata kuinua macho. Lakini gari halina adui. Ukiuliza gari utaonyeshwa, na la rangi ile lilikuwa moja tu. Mchungaji akaenda, nami nikaacha gari likae pale likisubiri. Ilikuwa mwaka 2007. Sasa tulikuwa 2014.

Kesho yake nikapanda minibasi kwenda Lilongwe. Mwenye duka la vipuri, mjini karibu na soko, alipanga makopo ya rangi ya kupuliza juu ya kaunta akaniuliza napaka nini, baiskeli? Nikasema gari. Akacheka kwa dakika nzima, akaita na mwenzake kutoka nyuma aje acheke. Nikanunua mawili, na karatasi za msasa. Tangu hapo kila nilipokwenda kununua uzi na zipu nilirudi na makopo mawili.

Nilianza na ubavu unaotazama barabara. Kusugua kulinichukua wiki mbili, vidole vya kushonea vikachubuka hata sindano ikawa tabu kushika. Vioo na taa nilivifunika kwa karatasi zangu za kukatia mitindo, kwa hiyo gari la watu likavaa vipande vya kola na mikono ya mashati. Nilipuliza alfajiri, kabla upepo wa huku wilayani Dowa haujaamka na vumbi lake, na makopo niliyatia kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu maana asubuhi za baridi za Juni rangi hutoka kwa kukohoa. Mlango wa kwanza niliuharibu. Nilitaka uwe mwekundu upesi, nikaushikilia mkono mahali pamoja, rangi ikateremka michirizi hadi chini. Nikaulaani mlango, nikalilaani kopo, nikasugua upya. Baadaye nikajua kwamba mkono lazima utembee, pazuri na pabaya, bila kusimama. Mlango wa nyuma ukatoka mwekundu zaidi kidogo kuliko wa mbele, kwa sababu duka liliishiwa na rangi ile ya kwanza. Sikujali. Mdogo wangu si mkaguzi.

Majirani ndio walionishangaza. Dzaleka mtu hatengenezi kitu bure. Anayepaka mlango, anayeziba bati, anayetoa kitanda nje kukipiga msumari, huyo amepata safari, ameitwa kwenda Kanada au Australia, na anatengeneza ili auze. Mlango mmoja wa gari ulipong'aa, habari ikazunguka kambi yote.

Wakaanza kuja. Miaka yote ile wateja walisimama wakaenda, sasa watu walikuwa wanakaa. Mama mmoja wa Burundi akaniletea maharage. Mzee wa kanisa akaja kuniombea ndege isianguke. "Papa Fundi, banasema unaenda," wakasema. "Na kile kitanda, utaachia nani?" Ilinipasa kusema haraka kwamba siendi popote. Sikusema. Nilijibu, "Tutaona," nikaongeza maji ya chai. Nyumba yangu haikuwahi kuwa na sauti za watu namna ile, nami niliipenda sauti hiyo kuliko nilivyoogopa aibu ya baadaye. Ndivyo nilivyokuwa mpweke, na sikuwa najua hadi wiki ile.

Wa mwisho kuja alikuwa mama anayeuza mandazi pale minibasi zinapogeuzia. Alikuja kuomba meza yangu ya kukatia vitambaa, ili nikiondoka aitumie kwa biashara yake. Akakaa, akapokea chai, akageuka kulitazama gari.

"Kumbe hii gari ilikuwaka rouge?"

"Jekundu tangu zamani," nikasema.

Akaweka kikombe chini.

"Papa, mwaka jana kuna muntu alikuyaka. Kijana, lakini si kijana sana. Aliniuliza nyumba ya gari ya rouge. Mi nikamwambia ya rouge haiko huku, iko moja tu, ya blanc. Akaenda kuiangalia. Akarudi, akasema hapana, si ile, na mlango ya nyumba iko na kufuli."

Nilimuuliza alikuwa wa namna gani. Mrefu, akasema, mwembamba, na begi moja.

"Alisema kitu gani kingine?"

"Hakusema mingi. Alinunua mandazi mbili. Alipokea na mkono wa kushoto, halafu akaniomba pardon."

Mama yetu alimpiga kile kiganja cha kushoto utoto wote, na hakikuacha kutangulia. Alichofaulu mama ni kumfundisha kuomba radhi. Nikashika ukingo wa meza.

"Akaenda wapi?"

"Benzake walikuwa banamungoja Lumbadzi. Balikuwa banaenda Afrika ya Kusini."

"Siku gani?"

Hakukumbuka. Alijaribu, kwa kweli alijaribu, akahesabu misiba na mvua, akashindwa, akaanza kulia akiniomba msamaha. Nilimwambia hana kosa. Nilisema vizuri, lakini moyoni nilimchukia kwa muda wa kunywa ile chai, kisha nikalichukia jua, kisha nikabaki na mimi mwenyewe. Mdogo wangu alisimama kwenye mlango wangu. Mimi nilikuwa Lilongwe, nachagua zipu.

Meza nilimpa. Majirani niliwaambia ukweli wiki ile ile, kwamba sikuitwa na sina safari. Wengine walicheka, wengine walikasirika kwa maharage yao, na baraza ikarudi kuwa ya cherehani peke yake. Paa na buti nilivimalizia Agosti. Gari lote sasa ni jekundu, wekundu wa aina mbili, na linaonekana tangu kwenye bomba. Kila mvua zikiisha nalirudia, hata kama halijapauka.

Nimejaribu kuikumbuka siku ile. Mwaka ule nilikwenda Lilongwe labda mara ishirini, na kila safari nimeipitia kichwani, nilinunua nini, niliongea na nani, kwa nini sikurudi na minibasi ya mapema. Haipatikani. Mara ya kwanza nilimsubiri siku tatu nikaondoka, na ya pili hakunikuta. Kwa hiyo mjini siendi tena. Nyuzi na makopo namwagiza mtoto wa jirani, naye huniletea rangi anayoikuta dukani, na namshukuru. Kufuli nimelitupa, na mlango nauacha wazi.