Drili, Bafu na Nyonga ya Mama

Mikono yangu haijawahi kunilisha. Kinachonilisha ni mdomo. Nasherehesha harusi, mahafali na vikao vya kuwaaga wastaafu, na safari moja niliitwa kusherehesha uzinduzi wa tangi la maji, nikalisifu lile tangi mpaka mwenyekiti wa kamati akatoa leso. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini sikutoka mikono mitupu, nilitoka na maneno. Nipe kipaza sauti nikutekee ukumbi. Nipe nyundo, utanikuta bado natafuta upande wa kuishikia.

Basi mama yangu akateleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Alitibiwa, akashonwa, akaletwa kwetu na mkongojo. Huyu ndiye mama aliyenilea kwa methali moja tu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akinipa asubuhi, mchana na jioni kama dawa ya kikohozi. Sasa aliyevunjika ni yeye. Ile methali ilikaa nasi sebuleni, imekunja nne, na hakuna aliyethubutu kuisalimia.

Shida ilianza siku ile ile, kwenye kuoga. Mke wangu alikwenda na taulo begani, mpole kabisa.

"Mama, twende nikuogeshe."

"Asante, mwanangu. Nguo zangu nimeanza kuvua mwenyewe kabla mama yako hajaolewa."

"Basi akuogeshe mwanao huyu hapa."

Mimi na mama tuliangalia dari kwa pamoja. Dari lilikuwa na utando wa buibui ambao sikuwahi kuuona.

"Ninachotaka," mama akasema, "ni kitu cha kushikilia ukutani. Nioge peke yangu, mlango umefungwa, kama mtu mzima. Hamuwezi, nirudisheni kwangu."

Kwake maana yake ni kule anakoishi peke yake, na lile bafu lililomwangusha. Na mama hatishii nyau. Akisema ataondoka, mkoba huwa umeshapangwa.

Mke wangu akanunua kishikio, bomba zuri la chuma lisiloshika kutu, nikaenda kumwita fundi. Fundi mwenyewe tulikuwa tunamwita Fundi Kesho, jina ambalo hakulipata kwa bahati nasibu. "Kesho asubuhi, bosi." Kesho ikaja na wenzake, fundi hakuwemo. Mama akawa anajipangusa chumbani kwa beseni, mlango kaufunga kwa ndani, maji yanatambaa chini ya mlango kuja kutushtaki ukumbini. Kisha nikamsikia anaongea na mama mdogo kwenye simu: "Nitafutie mtu mwenye gari. Lisiwe refu la kupanda."

Hapo ndipo mdomo wangu, mfadhili wangu wa siku zote, ukaniponza.

"Nitakifunga mimi mwenyewe."

Mke wangu alicheka mpaka akatafuta kiti. "Wewe? Balbu tu ulimsimamisha mpita njia akubadilishie!"

"Alikuwa mrefu."

"Ulikuwa juu ya meza!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, japo hapa aliyekuwa anasubiri kuoga ni mtu mwingine. Nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa kufunga makabati. Akaja na drili ya betri ndani ya sanduku la plastiki. Niliinyanyua kwa heshima zote, nikaisogeza karibu na kidevu.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo si maiki."

Akanielekeza upesi upesi, maana kazi zilimngoja: hapa unabonyeza, hapa unageuza, hapa unabana biti, ile ncha ya kutobolea. Mimi nikatikisa kichwa kila aliposema. Kutikisa kichwa ndilo somo nililofaulu vizuri zaidi chuoni. Alipoondoka, nilikuwa najua jambo moja tu kwa uhakika, kwamba sanduku lile linafungwa kwa vibanio viwili.

Nikaanzia uani, juu ya kipande cha ubao nilichokilaza kwenye stuli. Nikabonyeza. Drili ikanguruma vizuri, sauti ya mtu anayejua kazi. Nikakandamiza. Ubao haukutoboka. Nikauweka uzito wangu wote juu yake, uzito wa mtu anayelishwa kwenye harusi za watu. Ukaanza kutoa moshi. Nikampigia shemeji.

"Shemeji, ubao huu ni wa chuma."

"Drili inazunguka upande gani?"

"Inazunguka."

"Nauliza upande gani."

Nikaiangalia. "Upande wa... duara."

Nadhani shemeji aliisogeza simu mbali ili acheke. Kisha akaniambia kuna kitufe juu ya pale ninapobonyeza, nikisukume kitokee upande wa pili. Kumbe muda wote nilikuwa nafungulia tundu ambalo halijatobolewa. Nikasukuma, nikakandamiza kwa nguvu zile zile, na biti ikapita kwenye ubao, ikapita kwenye stuli, ikaniangalia kutoka chini.

Upande wa skrubu nao ulikuwa na kesi yake. Skrubu ikaingia vizuri, halafu ghafla drili ikaanza kulia krrrk-krrrk-krrrk kama inasaga meno. Niliiweka chini nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nikapiga simu tena.

"Haijafa," shemeji akasema. "Ile pete yenye namba hapo mbele umeiweka namba ndogo. Skrubu ikikaza, inaachia. Imewekwa kulinda skrubu dhidi ya watu kama wewe."

Lakini siku nilipoujua mchezo, jamani, niliharibika. Hakuna aliyeniambia kwamba kutoboa kuna utamu. Nilifunga ndoano ya funguo. Nikafunga ndoano ya mwavuli. Nikafunga ya kofia, nami sivai kofia. Kisha nikahamia jikoni kufunga za ufagio. Mke wangu akaja kusimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni.

"Mume wangu, ndoano ni nne, ufagio ni mmoja."

"Utanunua mingine."

Kutoka chumbani, mbele ya beseni lake, mama akasema kwa sauti ya kusikika: "Nasikia ngurumo tangu juzi. Mvua yenyewe sijaiona."

Nikaingia bafuni.

Kigae si ubao. Kigae kinakucheka. Biti iliteleza juu yake ikachora mstari mrefu, sahihi ya mtu asiyejua kuandika. Nikapiga simu, nikaambiwa nibandike utepe wa karatasi wenye gundi pale ninapotoboa, na nianze polepole. Nikabandika, nikatoboa, nikachomeka plagi, vile vidude vya plastiki vinavyoishika skrubu ndani ya tundu. Nikafunga kishikio. Kikang'aa! Nikakivuta kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa mwenzake uzi kwenye koti.

"Kimeshika," nikatangaza.

"Mama hatashika kwa vidole viwili," mke wangu akasema. "Jining'inize."

"Si lazima..."

"Jining'inize."

Nikajining'iniza. Kishikio kikaja nami, plagi zikaja na kishikio, kipande cha kigae kikaja kushuhudia, na mimi nikafikia kwenye ndoo.

"Nani ameanguka?" mama akauliza kutoka chumbani.

"Hakuna, mama!"

"Hakuna ndiye mwenye kishindo hicho?"

Mke wangu alinitoa kwenye ndoo, na sura yake ilinyooka ghafla. Sote wawili tulifikiria jambo moja. Kama vile vidole viwili vyangu vingekubaliwa, pale chini angekuwa mama, na nyonga haivunjiki mara ya pili ikapona kirahisi.

Safari hii nilimsikiliza shemeji bila kutikisa kichwa. Plagi zangu zilikuwa fupi, akasema, zimeishia kwenye plasta, nayo plasta ni uji uliokauka. Nichukue ndefu zifike kwenye tofali. Kigae kikishatoboka, niwashe ile alama ya nyundo ili biti ipige huku inazunguka. "Tazama vumbi. La kwanza jeupe, hicho kigae. La pili la kijivu, hiyo plasta. Ukiona jekundu, umefika kwa mwenye nyumba."

Nikasogea kando ya makovu yangu, nikatoboa. Jeupe. Kijivu. Jekundu! Nilipaza sauti kama nimetangaza bibi harusi anaingia. Nikafunga, nikaning'inia. Akaning'inia mke wangu. Shemeji alipita jioni kuchukua biti yake moja, tukamning'iniza na yeye. Ukuta haukupepesa hata jicho.

Asubuhi nikavaa shati jeupe. Ndiyo, kwa ajili ya bafu. Nikasimama ukumbini nikasafisha koo. "Mabibi na mabwana, kwa heshima na taadhima, naomba tumpokee..."

"Nipishe," mama akasema.

Akaingia taratibu, mkongojo unagonga sakafu, akasimama mbele ya kazi yangu. Akakiangalia kishikio. Akaniangalia mimi.

"Chuma kizuri. Kwa nini umekiweka kulia?"

"Ndio mkono wenye nguvu, mama."

"Na mkongojo nashika mkono gani?"

Nikautazama mkongojo. Ulikuwa mkono wa kulia. Nyonga mbovu ni ya kushoto, mkongojo unakaa kulia, na daktari alishalieleza hilo mbele yangu, huku natikisa kichwa.

"Kwa hiyo nitupe mkongojo ndipo nishike chuma chako," mama akaendelea. "Haya. Na urefu huu ni wa nani?" Akanyoosha mkono. Kishikio kilikuwa sawa na kifua changu, maana yake sawa na paji la uso wake. "Hapa nitashika, au nitaanika nguo?"

Mke wangu alifunga mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," mama akasema, na hakuwa anatania tena, "wewe umevunjika wapi?"

Nilikuwa nimempimia kishikio mtu mwenye afya, mrefu, mwenye tumbo, anayefanana nami sana. Mama alikuwa amepita mbele yangu na mkongojo ule kutwa kucha, nami nikamwona kama unavyoona saa ya ukutani, ipo, inagonga, basi.

Akageuka kwenda chumbani. "Mpigieni mama yenu mdogo. Gari lije."

Nikamwendea mbele. Sikuwa na hotuba.

"Mama, ingia mara moja tu. Ingia kama unavyoingia kwako. Usinieleze kitu, ingia tu."

"Ili iweje?"

"Nione."

Labda alishtuka kunisikia nasema neno moja likatosha. Akageuka. Mke wangu akamfuata nyuma, mikono wazi, bila kumgusa. Mama akafika kizingitini, akainua mguu mzuri, na palepale mkono wake wa kushoto ukatoka wenyewe ukaangukia ukutani, chini kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo hakuna fundi duniani angefunga chochote.

"Usiutoe!" nikapiga kelele.

Nikapiga magoti, nikauzungushia ule mkono penseli, kidole kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyoudhani. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki cha kuogea, nikamwomba ainuke. Mkono ukaangukia mahali pengine, mbele zaidi na chini zaidi. Nikauchora tena. Mikono miwili ukutani, na kati yake urefu wa bomba langu. Kishikio kingekaa mshazari.

"Kitaonekana kimelewa," mke wangu akasema.

"Kitalewa na mimi," mama akajibu. "Toboa."

Akawekewa kiti ukumbini, akasimamia.

"Vumbi la rangi gani?"

"Kijivu, mama."

"Sikia anavyojibu haraka! Angalia kwanza."

"Kijivu kweli."

"Endelea."

Tundu la mwisho lilikuwa nusu njia drili ilipopunguza sauti, ikaguna, ikazima.

"Betri imeliwa na nini?" mama akauliza.

Nikatazama jikoni, kule kwenye ndoano zangu. "Ndoano, mama."

"Haya. Iwekeni kwenye chaji, tuisubiri ishibe."

Tukaisubiri, mimi nimekaa sakafuni karibu na miguu yake. Alinituma nimletee chai, akanituma nirudi nikaongeze sukari. Simu ya mama mdogo ikaita. Mama aliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza, akaigeuza kifudifudi mapajani. "Asije akaleta gari bure," akasema.

Betri iliposhiba, nikamaliza. Vumbi likatoka jekundu, nikamwonyesha kwenye kiganja, akalisugua kwa kidole kama anapima unga. Nikafunga kishikio. Sikusubiri kuambiwa, nikaning'inia nikakunja magoti. Akaning'inia mke wangu.

"Sasa tokeni," mama akasema.

Akaingia. Mkono wa kushoto ukaangukia pale pale, safari hii ukakuta chuma. Mlango ukafungwa. Komeo likalia.

Mimi na mke wangu tukabaki nje, masikio kwenye ubao wa mlango, pua zinagusana. Kimya. Kiti kikaburutwa. Maji yakafunguliwa. Halafu kishindo: kitu kimeanguka sakafuni, kinabingirika.

Maji yakakatika. Nikashika kitasa.

"Ni mkongojo," sauti ya mama ikasema, taratibu. "Mimi nimeshika." Akarudia, kama anayejihakikishia: "Nimeshika. Haya ondokeni hapo mlangoni, mnaninyima raha."

Maji yakafunguliwa tena, kwa nguvu. Yakamwagika, yakamwagika, na harufu ya sabuni ikatufuata mpaka sebuleni.

"Atatumalizia maji," mke wangu akanong'ona.

"Mwache ayamalize," nikasema.